Kuku Aliyerudishwa Mnadani

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema bali zamani ya juzi tu, wakati kanisa la mtaa wetu lilikuwa bado na bati upande mmoja na turubai upande wa pili, palikuwa na mtoto ambaye hakusema. Kaeni vizuri. Mwenye kikohozi akohoe sasa. Hadithi hii mimi mwenyewe imenivuruga kichwa, kwa hiyo atakayejifanya ameielewa kabla sijaimaliza ataniudhi.

Mtoto huyo aliitwa Namsifu, na alikuwa na miaka minane. Mama yake jina lake ni Nakijwa, lakini tangu ajifungue hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Namsifu, mjane wa marehemu Mbonea. Mbonea ndiye aliyeezeka lile bati la upande mmoja wa kanisa. Siku moja alirudi kutoka gulioni na kifaranga mfukoni mwa koti, akamtoa, akamweka mikononi mwa binti yake na kumwambia, huyu ni wako, mlee. Wiki ile ile akaugua. Wiki iliyofuata tukamzika, na upande wa pili wa kanisa ukabaki na turubai.

Namsifu alisimama kando ya kaburi. Akatupa udongo kama alivyoelekezwa, akanawa mikono, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hakusema neno. Hakusema shikamoo, hakusema naona njaa, hakusema mama. Ukimtuma anakwenda, ukimwuliza anatikisa kichwa au anakubali kwa kichwa, na shuleni aliandika vizuri tu. Miaka miwili ikapita hivyo. Kifaranga akakua, akawa kuku mwekundu mwenye kishungi, mtundu, mwenye macho ya kukukagua.

Msidhani watu walikaa bure. Mama yake alimpeleka hospitali, daktari akachungulia koo, akatazama ulimi na masikio, akasema vyote ni vizima, mtoto apewe muda. Akina mama wa jumuiya walimwombea kila Jumatano. Na Mwinjilisti Elisamehe, mtumishi aliyeuongoza mtaa wetu maana mchungaji alikuwa anapanda kwetu mlimani mara moja tu kwa mwezi, yeye alifunga. Kila Ijumaa hakula wala hakunywa mpaka jua lizame. Mwinjilisti alikuwa mwembamba hata kabla ya kufunga, sasa fikirieni miaka miwili ya Ijumaa. Kila Ijumaa saa kumi alifika nyumbani kwa Mama Namsifu, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akaomba mpaka jasho likamtoka. Namsifu alimvumilia. Akimaliza, alimletea maji ya kunawa.

Sasa sikilizeni palipoanzia mkorogo. Jumapili moja Mwinjilisti alihubiri kwa ukali ambao hatukuuzoea. Alisema tunamletea Mungu ndizi zilizoanza kuwa nyeusi na majogoo waliokwisha kuzeeka. Alisema leteni kile ambacho mkikitoa mtalala mnakifikiria. Sisi wengine tuliitikia amina tukaenda zetu kupika. Mama Namsifu hakwenda kupika. Alifika nyumbani, akakaa kizingitini, akaanza kutazama mali yake moja baada ya nyingine, sufuria, jembe, kitenge cha sikukuu. Macho yake yakatua kwa kuku.

Siku ya Jumatano aliwaambia akina mama wote wa jumuiya nadhiri aliyoiweka, ili wawe mashahidi. Mimi nilikuwepo, niliisikia kwa masikio haya, na ninawaomba mshike kila neno maana tutayahitaji. Alisema hivi:

"Bwana, nakupa kuku huyu, mwenye thamani kuliko vyote vilivyomo nyumbani mwangu. Hatarudi uani kwangu, yeye wala yai lake. Nawe unipe sauti ya mwanangu niisikie."

Tukasema amina. Je, alimwuliza mtoto? Nami baadaye nilimwuliza hivyo hivyo, akanijibu kwamba mtoto asiyesema unamwulizaje. Lakini kichwa mtoto alikuwa nacho, na alijua kukitikisa.

Jumapili ikafika. Mnajua desturi ya kwetu, ila kwa mgeni nitaeleza. Asiye na pesa huleta sadaka ya vitu: mkungu wa ndizi, mayai, miwa, kibaba cha maharage, kuku. Ibada ikiisha, vitu vile vinapigwa mnada pale pale ndani ya kanisa, kwenye meza ya mbele, na pesa inaingia kapuni. Na ukinunua kitu, una ruhusa ya kukirudisha mezani. Unasema, namrudishia Bwana, kiuzwe tena. Watu wanakupigia makofi, na kitu kinaanza upya. Nimewahi kuona nanasi moja likiuzwa mara nne, mpaka likaanza kutoa maji.

Dalali wetu alikuwa Kiondo, mwenye mdomo ambao kama angeutumia kuinjilisha, wilaya nzima ingekwisha kuokoka. Akamnyanyua kuku mwekundu, akamsifia kishungi, akamsifia mapaja, akamsifia hata ukoo wake. Mama Namsifu alikuwa amekaa benchi la mbele na macho ameyafumba. Namsifu hakuwepo. Watoto wote walikuwa nyuma ya kanisa, Shule ya Jumapili, na mwalimu wao siku hiyo alikuwa amechelewa kuwaachia.

Aliyemnunua kuku ni Mzee Charema, mwenye mashine ya kusaga. Nisimseme vibaya Mzee Charema, ila kanisani alionekana kwa misiba, harusi na mnada. Siku hiyo alikuwa na wageni nyumbani na alitaka kitoweo. Akalipa, akampokea kuku, akamwingizia vidole kifuani kumpima nyama. Tukamwona amekunja uso. Akasimama, akasema kwa sauti ya unyenyekevu, "Namrudishia Bwana. Auzwe tena."

Makofi. Kuku akarudi mezani na Kiondo akaanza upya. Wakati huo ndipo watoto wa Shule ya Jumapili walipoachiwa, wakaja kujazana mlangoni. Kiondo akamshika kuku miguu, akamning'iniza kichwa chini, akampitisha mbele ya mabenchi ili kila mtu aone. Kuku akapiga kelele. Kiondo akasema mara ya kwanza, akasema mara ya pili.

Namsifu akapita katikati ya watu wazima mpaka mezani. Akasema:

"Huyo ni kuku wangu. Msimuuze."

Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyeamka, lakini kila neno lilisikika mpaka dirishani nilipokuwa nimekaa na wenzangu wa kwaya. Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Kiondo alibaki na kuku hewani na mdomo wazi, na huo ndio ulikuwa muujiza wa pili wa siku ile, kumwona Kiondo amenyamaza. Kisha kanisa likalipuka. Vigelegele. Mama Namsifu aliteleza kutoka benchini akapiga magoti. Mwinjilisti aliinua mikono, akashindwa kuomba, akalia. Sisi kwaya tukaanza kuimba bila kuambiwa, na kwa kuwa hatukuambiwa, sauti ya kwanza wakaanza wimbo wa Pasaka, besi wakaanza wa Krismasi, sisi sauti ya pili tukafuata huku na huku. Nililia mpaka kamasi. Tulifurahi kweli.

Na katika furaha ile yote, hakuna aliyemjibu mtoto.

Alikuwa amesimama mbele ya meza na mikono ameinyoosha. Alikuwa amesema jambo, akangoja. Watu wakamkumbatia, wakambusu, wakamwinua juu, wakamwambia sema tena, sema haleluya, sema mama, sema chochote. Tuliposhusha pumzi, Namsifu alikuwa amefunga mdomo. Tulimbembeleza mpaka saa nane. Akanyamaza.

Ndipo ikaja habari ya ushuhuda. Kwa kawaida muujiza ukitokea, mtu husimama mbele akausimulia na kushukuru. Sasa asimame nani?

Mwinjilisti alisema, bila majivuno, maana hakuwa mtu wa majivuno, kwamba Ijumaa zake zilihesabiwa mbinguni. Kama si kufunga, mtoto asingesema. Mama Namsifu alisema amefunga naye, na ameweka nadhiri juu yake. Kama si nadhiri, mtoto asingesema. Mzee Charema, ambaye sasa alikuwa amewasahau wageni wake, akasema jamani, tuwe wakweli, kuku alikwisha kuwa wangu. Ningemtia kwapani nikaondoka, mtoto angetoka Shule ya Jumapili akute meza tupu na mimi nikiwa njiani, kisu kinangoja nyumbani. Kama si kumrudisha, mtoto asingesema. Kisha kwa kuwa alikuwa kanisani akaona aseme ukweli wote: hakumrudisha kwa imani, alimrudisha kwa sababu kuku alikuwa hana nyama. Na Kiondo naye, ambaye sauti ilikuwa imemrudia, akatukumbusha nani aliyemning'iniza kuku mpaka akapiga kelele. Kama si yeye, mtoto asingesema.

Wote walikuwa wanasema kweli, hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuuma.

Lakini ushuhuda unangoja, kuku hangoji. Mmoja wetu akauliza, sasa huyu kuku vipi? Naona na ninyi mnataka kunijibu kwamba apewe mtoto tukale. Nami nilisema hivyo hivyo. Mwinjilisti akatikisa kichwa. Alisema kilichowekwa mbele za Mungu ni cha Mungu, na Mungu amekwisha kujibu. Mtu akipokea alichokiomba kisha akachukua tena alichokitoa, huyo amemfanyaje Mungu? Na je, Mungu naye akichukua tena alichokitoa?

Hapo kanisa likapoa. Mama Namsifu alimvuta mtoto karibu naye.

Mzee Charema akasema basi lisiwe jambo kubwa, atamnunua yeye kwa bei yoyote, sadaka iingie kapuni, Mungu apate haki yake, kisha atampa mtoto kuku kama zawadi. Tukaona huyu mzee kumbe ana akili, hata Mwinjilisti akaanza kukubali. Ni Mama Namsifu aliyekataa. Alisimama, akasema nadhiri yake haikuishia kwenye kutoa. Alisema kuku huyo hatarudi uani kwake, yeye wala yai lake, na mtoto hana ua mwingine zaidi ya huo. Akatuuliza sisi akina mama wa jumuiya kama hatukusikia. Tulisikia. Nilitamani tungekuwa viziwi.

Ikaamuliwa kuku asiuzwe na asirudishwe, akae stoo ya kanisa mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi, mchungaji atakapopanda, aamue yeye. Akafungiwa humo pamoja na ngoma iliyopasuka na mabenchi mabovu.

Jumatatu saa nane, watoto walipotoka shule, Namsifu hakwenda nyumbani. Alikwenda stoo. Mwinjilisti alimfungulia, akamwachia mlango, akarudi kwenye shamba lake la kahawa lililokuwa jirani. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano kuku akataga, na akachagua kutagia ndani ya kapu la sadaka. Mwinjilisti akaliona yai, akarudi nyumbani kutafakari. Yai lile liliwekwa kwenye kikombe, likawa la kujadiliwa jumuiya nzima. Alhamisi yakawa mawili. Watu wa mtaa wetu, ambao kwa mashamba yao walikuwa hawana muda, wakapata muda wa kubishana kuhusu mayai.

Mama Namsifu hakubishana na mtu. Alikuwa anakonda. Usiku na mchana alikuwa na yale maneno matatu ya mwanawe, kuku wangu, msimuuze, na kila akiyakumbuka alifurahi, kisha alisikia aibu, kisha alifurahi tena. Alimsemesha mtoto akiwa anamsuka, akiwa anampakulia. Mtoto alimtazama kwa upole, bila hasira, na hakusema.

Ijumaa hiyo alikwenda kumfuata stoo. Alipofika karibu akasikia mtu anaongea ndani. Akafikiri ni Mwinjilisti, lakini yeye alikuwa amemwona Mwinjilisti kwa macho yake juu shambani, amejishika kiuno kwa njaa ya kufunga. Akasogea ukutani, penye ufa kati ya mbao.

Alinisimulia mwenyewe alichokisikia, na nitawaambia kama alivyoniambia. Namsifu alikuwa amekaa chini na kuku mapajani. Alikuwa anamsimulia mambo ya shule, nani kachapwa, nani kaibiwa kalamu. Alizungumza haraka haraka, bila kukwama, kama mtu anayefanya jambo la kila siku. Kisha akasema:

"Kule bandani ulikuwa unanisikiliza vizuri. Hapa unatazama mlango tu."

Mama mtu akatega sikio kwenye ufa. Mtoto akaendelea:

"Mama nikimwambia mambo ya baba atalia. Wewe hulii."

Mnaelewa alichokisikia? Mimi ilinichukua muda. Miaka miwili ile tuliyodhani ulimi umefungwa, mtoto alikuwa anazungumza. Alikuwa anazungumza kila siku bandani, asubuhi akienda kumfungulia kuku na jioni akimfungia. Kuku alijua kila kitu. Sisi tulikuwa sebuleni tunaomba, na sauti iliyokuwa ikiombewa ilikuwa nyuma ya nyumba inasimulia habari za kalamu. Na mama, ili apewe sauti ya mwanawe, alikuwa amemchukua yule mmoja aliyekuwa anaisikia, akamtoa sadaka.

Hakuingia. Alikaa chini nyuma ya ukuta, akasikiliza. Kesho yake alirudi, akasikiliza. Kwa wiki mbili alikwenda kila siku, akakaa pale kwenye majani na kanga kichwani, akasikia mwanawe akicheka, akasikia akimweleza kuku jinsi baba yake alivyokuwa akipanga misumari mdomoni anapoezeka. Aliniambia kwamba hajapata kuwa na furaha kama ile tangu afiwe, na hajapata kuumia kama vile. Nyumbani mtoto hakusema neno. Basi nikakumbuka maneno ya nadhiri. Unipe sauti ya mwanangu niisikie. Hakusema azungumze nami. Alisema niisikie, na alikuwa anaisikia.

Jumapili ya mwisho wa mwezi mchungaji akapanda. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyekwisha kuamua mashauri mengi ya mipaka na ndoa, na alipoambiwa kuna shauri la kuku alitabasamu. Tabasamu hilo lilidumu mpaka Mama Namsifu alipomaliza kusimulia alichokisikia ukutani. Kanisa zima lilikuwa halijui. Hata Mwinjilisti alikuwa hajui. Kuku alikuwa juu ya meza, safari hii hakufungwa miguu, na Namsifu alikuwa amesimama pembeni ya meza.

Mchungaji akasema kila mmoja aseme tena, kwa kuwa mambo sasa si yale.

Mwinjilisti Elisamehe alisimama wa kwanza. Nilimwonea huruma. Nilifikiri atakubali kwamba Ijumaa zake zilipotea bure. Badala yake alisema:

"Mchungaji, mimi sasa ndiyo naamini zaidi. Mungu alimwona mtoto huyu anazungumza na ndege, peke yake, katika banda. Akamtoa ndege huyo mikononi mwake ili azungumze na watu. Na alizungumza, hapa hapa, mbele yetu. Mkimpa kuku leo, mnamrudisha bandani. Atamaliza maisha yake humo. Kuku ni wa Mungu, na Mungu amemchukua kwa ajili ya mtoto."

Tukasema amina, maana ilikuwa na uzito. Mzee Charema akasimama, na kwa mara ya kwanza nilimwona ametoa kofia kabla hajaambiwa.

"Mimi si mtu wa maombi, mnanijua," alisema. "Lakini mtoto alifiwa na baba. Akabakiwa na mmoja wa kumwambia mambo yake, na huyo mmoja alipewa na baba yule yule. Sisi tukampiga mnada. Tena mimi nikamtia vidole kifuani nikasema hana nyama. Muujiza gani unaoanza kwa kumnyang'anya yatima? Kile hakikuwa cha mama kutoa. Sadaka ya mali ya mtu mwingine si sadaka. Mpeni kuku wake, na kama kuna adhabu, mimi ndiye niliyenunua, iandikwe kwangu."

Kwa hilo pia tukasema amina, kisha tukatazamana, maana tulikuwa tumesema amina mara mbili kwa mambo mawili yanayopingana. Kiondo alinyanyuka kidogo, akaangalia hali ilivyo, akaketi.

Mama Namsifu alisimama wa mwisho. Alikuwa amejiandaa kusema mengi, ilionekana, lakini alisema machache.

"Niliahidi, na Bwana amelipa. Nimeisikia sauti. Nikimrudisha kuku, nimemdanganya Mungu aliyenisikia. Nisipomrudisha, nimemwibia mwanangu, maana kweli alikuwa wake, na nilijua ni wake. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Nilifikiri Mungu atasikia kinachoniuma." Akafuta uso kwa kanga. "Mimi sitaki kuku. Nataka mwanangu aniambie mimi. Nikilia, nilie."

Hapo hakuna aliyesema amina. Turubai lilikuwa linapigapiga kwa upepo, na nilimkumbuka Mbonea na misumari yake mdomoni.

Mchungaji alikaa na mikono magotini. Akamwita Namsifu, akainama mpaka nyuso zao zikalingana. Akamwambia hakuna atakayemlazimisha. Akamwambia kwamba siku ile aliposema, hakuna aliyemjibu, na hilo lilikuwa kosa letu sote, na leo watu wote wamekuja kumsikiliza. Kisha akamwuliza: kuku huyu awe wa nani? Na kama kuna jambo anataka kumwambia mama yake, aliseme.

Namsifu alimtazama mchungaji. Akamgeukia Mwinjilisti, akamgeukia Mzee Charema. Akamtazama mama yake kwa muda mrefu, na nawaambia ukweli, nikiwa dirishani niliona midomo yake ikifunguka. Mama yake alipiga hatua moja mbele. Machozi yalikuwa yanamtoka tayari.

Mtoto akayaona yale machozi. Akaigeukia meza, akamkumbatia kuku, akaweka mdomo kwenye kishungi, akanong'ona. Alinong'ona kwa muda, si neno moja wala mawili. Alipomaliza akarudi nyuma hatua tatu, akasimama karibu na mama yake, akaangalia chini.

Kuku alibaki mezani peke yake. Akatutazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akatutazama kwa jicho la pili. Jibu lote la mtaa wetu lilikuwa kwake, na kanisa zima, pamoja na mchungaji na mimi, tulikuwa tunamngoja kuku.

Mchungaji akasimama, akasema tuimbe wimbo mmoja, ukiisha ataamua. Tuliimba beti zote. Tulipofika mwisho, kiongozi wa kwaya alitazama uso wa mchungaji, akaturudisha ubeti wa kwanza.

Mimi naishia hapo kwenye wimbo, kwa sababu tangu siku ile nimewauliza watu wengi, na kila anayejibu hupata mwenziwe wa kumpinga. Mwinjilisti alifunga Ijumaa za miaka miwili. Mzee Charema alimrudisha kuku bila imani, na bila kumrudisha tusingesikia chochote. Mama aliweka nadhiri kwa kitu kisicho chake, ikajibiwa neno kwa neno, na bado hakupata alichokitaka. Mtoto alikuwa na kuku wake tangu mwanzo. Wimbo unakaribia kwisha, mchungaji anawatazama ninyi, na Mama Namsifu amesimama pale, hajui aombe kuku arudi au asirudi.

Je, nani alistahili kuondoka na kuku yule?